Nasaba si vinasaba: nani walitangulia kufika Ayalandi?

Kila inapokaribia Machi 17, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, simu hujaa video za watu waliovaa kijani, na nyuma ya ngoma na bia huzuka ubishi uleule: hawa Waayalandi walitoka wapi? Mmoja atakuambia ni kizazi cha binti Farao, kwa hiyo asili yao ni Misri. Mwingine atashikilia kwamba wa kwanza kutia mguu kisiwani walikuwa mabaharia wa Kiafrika walioitwa Fomoire, ila habari zao zimefichwa. Wa tatu ataleta vipimo vya vinasaba na kusema sayansi imeshamaliza ubishi. Wote watatu wanachota kisima kimoja, wakijua au wasijue: kitabu kilichokusanywa na wasomi wa Ayalandi katika karne ya 11. Na kitabu hicho hakikutungwa kujibu swali wanalouliza.

Kinaitwa Lebor Gabála Érenn. Lebor ni kitabu, Érenn ni "ya Ayalandi", na gabála ni neno la kutwaa, kushika. Tuseme basi ni Kitabu cha Kutwaliwa kwa Ayalandi. Nasisitiza "kutwaa" kwa sababu wengi hukutana na tafsiri zinazosema "uvamizi" wakadhani ni habari za vita mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya wanaotajwa humo hawakukuta mtu wa kupigana naye. Walikuta nchi tupu, wakaishika.

Kwa mujibu wa kitabu, nchi ilitwaliwa mara sita. Wa kwanza alikuwa Cessair, mjukuu wa Nuhu, aliyekuja kabla ya Gharika. Baada ya Gharika akaja Partholón na watu wake, kisha Nemed, kisha watu walioitwa Fir Bolg, kisha Tuatha Dé Danann, watu wa uganga na ufundi mkubwa, na mwisho wana wa Míl. Hao wa mwisho ndio Wagaeli, mababu ambao Waayalandi wa Zama za Kati walijihesabu kuwa wametokana nao. Ukiyashika majina hayo sita kwa mpangilio huo umeshika mifupa. Yanayobaki ni nyama, na nyama ni tamu.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaingia. Hakuna nakala moja iliyo "halisi". Ya zamani zaidi iliyosalia imo ndani ya mswada mkubwa wa karne ya 12 unaojulikana kama Kitabu cha Leinster, na baada yake kuna nakala nyingine nyingi zinazopishana kwa majina, idadi na sababu. Mtu akikwambia "kitabu kinasema hivi", muulize nakala ipi.

Daftari la ukoo lisilo na jina lako

Fikiria umealikwa kwenye kikao cha ukoo mkubwa. Mzee anafungua daftari, anasoma majina kuanzia babu wa mababu: huyu alimzaa huyu, yule akahamia kule, wale ndio chimbuko la watu wa ng'ambo ya mto. Anasoma mpaka mwisho, anafunga daftari, na nyumba yenu haikutajwa. Hakuna aliyesema ninyi si ndugu. Hamumo tu.

Hayo ndiyo yaliyowapata wasomi wa Ayalandi walipopokea Ukristo. Kufikia mwaka 431 kulikuwa na Wakristo wa kutosha kisiwani hata Papa Celestine akamtuma Palladius awe askofu wao. Pamoja na dini mpya yakaja maandiko ya Kilatini, na ndani yake daftari la dunia: sura ya 10 ya kitabu cha Mwanzo, inayogawa mataifa yote kwa wana watatu wa Nuhu, yaani Shemu, Hamu na Yafethi. Yakaja pia majedwali ya mwanahistoria wa Kanisa Eusebius, yaliyotafsiriwa kwa Kilatini na Jerome, ambayo yalipanga wafalme wa Ashuru, Misri, Wagiriki na Waebrania kwa mistari sambamba, mwaka kwa mwaka. Ayalandi haikuwa na mstari wake.

Walichofanya ni kutafuta mjomba wa kujishikiza kwake. Wakamchagua Magogu, mwana wa Yafethi, kwa sababu wasomi wa Kilatini walikuwa wakimhusisha na Waskithi, wapanda farasi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Kutoka Skithia ikachorwa safari ndefu ya kuifikisha nasaba hiyo Ayalandi. Wala hawakuwa peke yao katika kazi hiyo. Wafaranki walijiandikia kwamba wametoka Troya, na watu wa Britania wakadai babu yao ni Brutus, naye akitokea Troya. Ulaya nzima ya wakati huo ilikuwa mbioni kujiandikisha.

Lakini mezani kwao palikuwa na lundo la pili: visa vya kienyeji, vya miungu ya kale na wafalme, na vya vilima na maziwa yaliyopewa majina ya watu. Kitabu ni mshono wa hayo malundo mawili. Ukitazama kwa makini unaona uzi.

Mfano mzuri ni Míl mwenyewe, babu wa Wagaeli. Jina lake kamili ni Míl Espáine. Lirudishe kwenye Kilatini unapata miles Hispaniae, yaani "askari wa Hispania". Basi babu wa taifa zima ana jina ambalo ni kazi na anwani. Na kwa nini Hispania? Isidore, askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636, alikuwa ameandika kwamba Hibernia, jina la Kilatini la Ayalandi, linafanana na Hiberia, jina la zamani la Hispania. Kabla yake mwanahistoria Orosius alikuwa ameeleza jiografia ya dunia akautaja mnara mrefu wa Brigantia, kaskazini-magharibi ya Hispania, na Ayalandi ikielekeana na upande huo. Hayo mawili yalitosha. Ndani ya Lebor Gabála anatokea Breogán aliyejenga mnara huko Brigantia, na Íth anayepanda juu yake jioni moja ya kipupwe, hewa ikiwa safi, akaiona Ayalandi kwa macho yake.

Kati ya pwani hiyo na Ayalandi kuna karibu kilomita 900 za bahari. Mviringo wa dunia haukuruhusu. Mnara upo kweli, ulijengwa na Warumi mjini A Coruña, UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia mwaka 2009, na karibu yake imesimamishwa sanamu ya Breogán. Watalii huenda kutazama upeo wa macho na kurudi na picha za mawimbi.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba simulizi ilikua mikononi mwa waandishi unatoka nje ya Ayalandi. Karibu mwaka 830, huko Wales, iliandikwa historia ya Britania kwa Kilatini iitwayo Historia Brittonum. Inamtaja Partholomus, kisha Nimeth, kisha wana watatu wa askari wa Hispania. Cessair hayumo. Tuatha Dé Danann hawamo. Tena wale wana wa askari wanaona mnara wa kioo katikati ya bahari, wanaushambulia, na kuangamia. Miaka mia mbili na ushee baadaye mnara wa baharini bado upo, ila sasa umehamishiwa kwenye kisa cha watu wa Nemed. Hadithi imeongezewa vyumba na samani zimesogezwa.

Waliokuja, na walichoacha

Cessair kwanza. Baba yake, Bith, ni mwana wa Nuhu ambaye Biblia haimjui. Nuhu anawanyima nafasi katika safina, nao wanapanda merikebu tatu kuikimbilia nchi iliyo mwisho wa dunia, wakitumaini kwamba pasipokuwa na dhambi maji hayatafika. Mbili zinazama. Iliyofika, siku 40 kabla ya Gharika, ina wanawake 50 na wanaume watatu: Bith, Fintan, na Ladra aliyekuwa nahodha. Wanawagawana wanawake, wawili wakipata 17 kila mmoja na Ladra akipata 16, naye ananung'unika kwamba amepunjwa. Ladra huyo ndiye maiti ya kwanza ya Ayalandi, na waandishi hawakukubaliana juu ya chanzo: kuzidiwa na wanawake, au kuchomwa makalioni na mpini wa kasia. Sababu zote mbili zimeandikwa kwa utulivu uleule wa watu wanaohesabu wafalme.

Bith anakufa, Cessair anakufa kwa huzuni, maji yanafunika vyote. Hapo linakuja swali ambalo mtu yeyote aliyesoma madrasa atalifahamu haraka: sanadi iko wapi? Kama wote walizama, nani alihadithia? Waandishi walilijua tatizo hilo, ndiyo maana wakamwacha Fintan. Anageuka samaki wa samoni wakati wa Gharika, baadaye tai, baadaye kipanga, kisha mtu tena, akaishi miaka 5,500 ili awe shahidi. Kwa kizazi cha Partholón yupo shahidi wa namna hiyohiyo, Tuan mac Cairill, aliyepita katika maumbo ya kulungu, nguruwe mwitu, kipanga na samoni, akaliwa na mke wa mfalme akazaliwa upya, na hatimaye akamsimulia yote mtakatifu Finnian. Mnyororo wa wasimulizi umekamilika, mpaka kwa mtu wa Kanisa.

Si kila mtu aliumeza. Geoffrey Keating, padri aliyeandika historia kubwa ya Ayalandi kwa Kiayalandi katika miaka ya 1630, alikitaja kisa cha Cessair kwa sababu tu alikikuta katika vitabu vya zamani. Kisha akauliza wanahistoria waliipataje habari ya watu waliofika kabla ya Gharika, isipokuwa labda waliletewa na mashetani wa angani waliokuwa wapenzi wao, au waliikuta imechongwa kwenye mawe maji yalipokauka. Padri huyo angefaa sana katika makundi ya WhatsApp ya leo.

Partholón anakuja miaka kama 300 baada ya Gharika. Ni mtu aliyewaua baba yake na mama yake akiutaka ufalme, na laana hiyo inamfuata. Lakini kwake ndiko maisha ya kawaida yanakoanza. Anapofika, kitabu kinasema, Ayalandi nzima ina uwanda mmoja tu, maziwa matatu na mito tisa. Watu wake wanafyeka nyanda nne nyingine, na maziwa saba yanabubujika. Mtoto wake Rudraige anapofariki, kaburi linachimbwa, na kutoka kaburini maji yanatoka na kuwa Loch Rudraige. Ng'ombe wa kulimia, pombe ya kwanza, nyumba ya kwanza ya kupokea wageni, vyote vinahesabiwa kwake.

Na ugoni wa kwanza pia. Partholón anasafiri, anamwacha mkewe Delgnat na mtumishi. Akirudi anagundua yaliyotokea. Delgnat haombi radhi, anamgeuzia kibao: ukimwachia mwanamke asali, paka maziwa, mtoto nyama, fundi chombo chake, halafu ukaondoka, wa kulaumiwa ni nani? Kitabu kinalihesabu shauri hilo kuwa hukumu ya kwanza kutolewa Ayalandi. Mimi nalipenda kuliko vita vyote vilivyomo.

Kisha inakuja tauni. Katika wiki moja wanakufa watu 9,000, wanaume 5,000 na wanawake 4,000. Kusini-magharibi ya Dublin kuna kitongoji kikubwa kiitwacho Tallaght. Jina lake la Kiayalandi, Tamlacht, maana yake ni makaburi ya tauni, na wasomi wa zamani walilihusisha na kisa hiki.

Hapo unaona kanuni inayoendesha kitabu kizima. Kila kundi linaacha kitu. Hii si orodha tu ya watu waliohamia nchi iliyokwisha kutengenezwa. Ni habari ya nchi inayotengenezwa kwa kulimwa, kuzikiwa na kupewa majina.

Nemed anatoka Skithia na merikebu 44, wanauona mnara wa dhahabu baharini, wanaukimbilia kwa tamaa, na inasalia yake tu. Watu wake wanafyeka nyanda 12, lakini baada ya kifo chake wanatawaliwa na Fomoire, wanaowatoza kila sikukuu ya Samhain, mwanzoni mwa Novemba, theluthi mbili za watoto wao, nafaka yao na maziwa yao. Wanaasi, wanauvamia mnara wa Conand, mkuu wa Fomoire, na wanaonusurika ni 30 ndani ya merikebu moja. Wanatawanyika.

Waliokimbilia Ugiriki wanafanywa watumwa wa kubeba udongo kwa mifuko, wazao wao wanarudi wakiitwa Fir Bolg, na jina hilo likaelezwa kuwa "watu wa mifuko". Wao hawakumbukwi kwa maziwa wala nyanda. Wanaleta utawala: ndugu watano wanaigawa nchi mafungu matano. Mpaka leo neno la Kiayalandi la jimbo ni cúige, "sehemu ya tano", ingawa majimbo ni manne.

Waliotorokea kaskazini wanarudi wakiwa Tuatha Dé Danann, wamejifunza uganga wote. Wanatua katika mawingu meusi juu ya milima, au, nakala hiyohiyo inaongeza kwa tahadhari, walichoma merikebu zao na moshi ndio ulioonekana kama wingu. Hao zamani walikuwa miungu, na waandishi Wakristo hawakujua wawaweke wapi: je, ni mashetani, malaika walioanguka, au binadamu werevu? Mshairi mmoja ndani ya kitabu anajitetea kwamba anawahesabu tu, hawaabudu.

Wagaeli wanapowasili wanakutana na malkia watatu wa hao Tuatha Dé Danann: Banba, Fódla na Ériu. Kila mmoja anaomba nchi iitwe kwa jina lake. Aliyeshinda ni Ériu, na ndiyo sababu Waayalandi wanaiita nchi yao Éire. Wenyeji wanashindwa vitani, wanaingia chini ya vilima, na huko ndiko hadithi za baadaye zinakowaweka watu wa majinini wa Kiayalandi.

Binti Farao na maharamia wa Hamu

Turudi kwa yule wa kwanza mwenye video. Ni kweli kitabu kinasema kwamba Nel, msomi aliyetoka Skithia, alialikwa Misri akaozwa binti Farao aitwaye Scota, wakamzaa Goídel Glas, ambaye Wagaeli wanaitwa kwa jina lake. Tena nakala za baadaye zinasimulia kwamba Goídel aliumwa na nyoka utotoni, Musa akamponya kwa fimbo yake, akaahidi kwamba nchi watakayokaa wazao wake haitakuwa na nyoka.

Tazama jina. Scotti lilikuwa jina la Kilatini la watu wa Ayalandi, kabla halijahamia kaskazini mwa Britania na kuwapa Waskoti jina lao. Kumwita bibi wa Wascotti "Scota" ni kama mtu aseme Wakenya wametokana na bibi aliyeitwa Kenia. Kwanza lilikuwapo taifa, bibi akatafutwa baadaye. Na Misri iliingia kwa sababu Wagaeli walitaka safari yao ifanane na ya Waisraeli: kutoka Misri, kutangatanga, nchi ya ahadi. Goídel huyohuyo ndiye, kwa baadhi ya nakala, ambaye lugha ya Kigaeli iliundwa kwa ajili yake, kwa kuchagua yaliyo bora katika lugha 72 za Babeli. Kwa nini uwe na lugha ya pembezoni wakati unaweza kuwa na chujio la lugha zote?

Bibi huyo alifika mpaka mahakamani. Mwaka 1301 mfalme Edward I wa Uingereza alimwandikia Papa Boniface VIII kwamba Skotlandi ni yake tangu enzi za Brutus wa Troya. Waskoti, kupitia mwanasheria wao Baldred Bisset, wakajibu kwa Scota, binti Farao. Bibi wa kubuni akapambanishwa na babu wa kubuni, na kilichogombewa kilikuwa ardhi halisi.

Sasa Fomoire na Afrika. Hapa lazima tuwe waangalifu, maana msomaji wa kwetu anaweza kuona fahari mahali palipowekwa tusi. Katika visa vya zamani Fomoire si kabila la mahali fulani; ni viumbe wabaya wa ng'ambo ya bahari au chini yake. Waviking walipoanza kuipora Ayalandi kuanzia mwaka 795, Fomoire nao wakaanza kupewa makao ya kaskazini, kwa sababu huko ndiko hofu ilikotokea. Waandishi wa nasaba walipohitaji kuwapachika katika daftari la Nuhu, waliwaweka kwa Hamu, kwa kuwa watu wa Zama za Kati waliamini laana ya Nuhu ilikuwa kwenye tawi hilo. Mswada mmoja wa karibu mwaka 1100 unawapa wazao wa Hamu mambilikimo wa hadithi, Fomoire na watu wenye vichwa vya mbuzi, wote kapu moja. Kufikia karne ya 17, akina Keating walikuwa wakiandika waziwazi kwamba Fomoire ni mabaharia wa uzao wa Hamu waliotoka Afrika. Hiyo si kumbukumbu ya Waafrika waliotangulia. Ni mwandishi anayetafuta pa kumweka adui yake.

Vinasaba vinasema nini, na havisemi nini

Mwishoni mwa 2015 watafiti wa Trinity College Dublin na Queen's University Belfast walichapisha vinasaba vya mwanamke aliyezikwa Ballynahatty, karibu na Belfast, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, na vya wanaume watatu wa kisiwa cha Rathlin walioishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Asili ya yule mwanamke ilielekea zaidi kwa wakulima ambao chimbuko lao ni Mashariki ya Kati. Wale wanaume walikuwa na sehemu kubwa ya asili ya nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Basi ikawa shangwe: si mlisikia, Skithia! Wazee walijua!

Polepole. Waskithi wanaojulikana katika historia wanatokea zaidi ya miaka elfu moja baada ya watu wa Rathlin. Asili hiyo ya nyika imeenea kaskazini mwa Ulaya yote, kwa hiyo Mjerumani naye angeweza kujidai mwana wa Míl. Tena tumeshaona Skithia ilikotoka: kwenye vitabu vya Kilatini, kupitia kwa Magogu. Mpiga ramli akikuambia "utasafiri", nawe mwaka huo ukaenda Morogoro, hajaiona tiketi yako.

Haimaanishi kila simulizi ya asili ni kapa. Pwani yetu ina visa vya Washirazi, vya baba na wanawe sita na merikebu saba, mmoja akishukia Kilwa na kukinunua kisiwa kwa nguo. Utafiti wa vinasaba vya waliozikwa katika miji ya Waswahili, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kweli asili ya Uajemi, hasa kupitia wanaume, ikichanganyika na asili ya Kiafrika, hasa kupitia wanawake, kuanzia karibu mwaka 1000. Merikebu saba hazikuthibitishwa, ila kuchanganyika kulithibitishwa. Tofauti ni umbali: visa vya Kilwa viliandikwa karne chache tu baada ya mambo yanayosimuliwa, wakati wasomi wa Ayalandi walikuwa wametengwa na watu wa Rathlin kwa miaka kama 3,000.

Na waliokuwapo zamani zaidi ya hao? Mfupa wa goti la dubu kutoka pango moja la kaunti ya Clare, ulioachwa ndani ya sanduku la makumbusho tangu uchimbuaji wa mwaka 1903, ulipopimwa upya ulionekana una alama za kisu za miaka kama 12,500 iliyopita. Hakuna nasaba inayofika kwa aliyeshika kisu hicho.

Kama kitabu hakituambii habari za wahamiaji wa kale, kinatuambia nini? Kinatuambia habari za karne ya 11. Wana wawili wa Míl, Éremón na Éber, wanagawana nchi, mmoja kaskazini na mwingine kusini. Kwa bahati nzuri sana Éremón akawa babu wa Uí Néill, watawala wakuu wa kaskazini, na Éber babu wa Eóganachta waliotawala kusini. Na koo zilizowalipa kodi? Nyingi zilihesabiwa kuwa mabaki ya Fir Bolg. Ukisoma hivyo, unaona kwamba hati ya shamba imevaa joho la hadithi. Swali lililokuwa likijibiwa ni nani amlipe nani kodi.

Kukisoma kitabu kinyume kumewahi kuleta hasara. Kati ya 1899 na 1902 kundi lililoamini kwamba Waingereza ni kabila lililopotea la Israeli lilikwenda kwenye kilima cha Tara, makao ya kale ya wafalme, likachimba likitafuta Sanduku la Agano. Mshairi W. B. Yeats na mwanaharakati Maud Gonne walikuwa miongoni mwa waliopinga. Sanduku halikupatikana. Tuta moja la kale lilibomolewa vibaya.

Ndani ya Kitabu cha Leinster, mswada uleule wenye nakala kongwe ya Lebor Gabála, kuna hadithi nyingine ndefu ya vita vya kugombea fahali. Mwishoni mwake yapo maneno mawili ya kufunga. La kwanza, kwa Kiayalandi, linambariki kila atakayeihifadhi simulizi bila kubadili umbo lake. La pili ni la Kilatini. Mwandishi anasema ameiandika historia hii, au tuseme ngano hii, lakini mengine yaliyomo hayaamini: mengine ni hila za mashetani, mengine ni ubunifu wa washairi, mengine yanafanana na kweli na mengine hayafanani, na mengine yamewekwa kuwafurahisha wapumbavu. Kisha akaendelea kuitunza.